Maswali ya Wasomaji: Mtoto Asiyekula Glutini na Peremende za Halloween

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, na nyingi zinauliza jambo moja: mtoto aliyekatazwa glutini, protini ya ngano na nafaka nyingine chache, afanyeje usiku wa tarehe 31 Oktoba, wakati wenzake wanapita nyumba hadi nyumba wakijaziwa mifuko peremende? Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobeba mzigo wa nyingine zote.

Je, nimpeleke au abaki nyumbani?

Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka saba. Mwezi Juni daktari alithibitisha kwamba ana ugonjwa wa siliaki, na tangu hapo tumeondoa ngano katika chakula chake. Sasa Halloween inakaribia, naye ameshaniuliza mara kadhaa kama mwaka huu atabaki ndani huku dada yake akitoka. Nimepata orodha ya peremende zinazosemekana kuwa salama, kisha nikaona nyingine inayopingana nayo. Nimwamini nani? Na je, ni haki kumpeleka mtoto akakusanye vitu ambavyo nusu yake hataruhusiwa kuvila?
— Mama wa watoto wawili, Columbus, Ohio

Mama mpendwa, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokukosesha usingizi. Mpeleke. Avae vazi alilolichagua, abebe mfuko wake, agonge milango pamoja na dada yake kama alivyofanya mwaka jana. Kinachomvuta mtoto wa umri wake ni giza, taa, mbio za barazani na jirani anayejifanya kuogopa anapomwona, na hakuna glutini katika hayo. Ugonjwa huu atakuwa nao maisha yake yote, na ninaamini kwa dhati kwamba namna anavyoanza kuishi nao sasa, akiwa mtoto miongoni mwa watoto wenzake, ni sehemu ya matibabu yake sawasawa na chakula kilicho kwenye sahani yake.

Hata hivyo mpeleke ukiwa umejiandaa, na maandalizi yanaanza na kuelewa tunachokikwepa. Glutini ni protini inayopatikana katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Kwa mtu mwenye siliaki, protini hiyo huuchochea mfumo wa kinga uushambulie utumbo mwembamba na kuviharibu vijidole vidogo sana vinavyofyonza virutubisho. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui. Uhusiano wake na ngano ulibainishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeona wagonjwa wake wadogo wakipata nafuu kila walipolishwa chakula kisicho na ngano. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini humo, ilimwongezea uhakika wa jambo alilokuwa akilifuatilia tangu kabla ya vita. Watoto wale walihitaji kitu kimoja tu kiondolewe mezani, na mpaka leo hiyo ndiyo tiba yenyewe: glutini ikiachwa kabisa, utumbo hupona.

Neno "kabisa" hapo lina uzito wake. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina takriban gramu mbili za glutini, ilhali kiwango ambacho wataalamu wengi hukiona kuwa hakiwadhuru walio wengi kati ya wenye siliaki ni kisichozidi miligramu 10 kwa siku nzima, yaani kama sehemu moja ya 200 ya kipande hicho. Kwa hiyo shangazi au jirani akisema kwamba kidogo tu hakimdhuru mtoto, mkatalie kwa upole lakini usiyumbe, hata kama anasema hivyo kwa mapenzi.

Sasa nije kwenye orodha zako mbili. Zinapingana kwa sababu peremende hazikai pale pale: kampuni hubadilisha viambato, huhamisha utengenezaji kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine, na bidhaa yenye jina lilelile huwa na viambato tofauti kulingana na ukubwa, umbo au nchi inakouzwa. Orodha iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita inaweza kuwa ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Mwamini mfuko ulioushika mkononi, na orodha uifanye kuwa msaada wa kukuonyesha pa kuanzia unapofika dukani.

Katika kuusoma mfuko huo, sheria ya Marekani inakusaidia kwa sehemu, na ni lazima ujue inapoishia. Sheria ya lebo za visababishi vya mzio, iliyopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2006, inamlazimu mtengenezaji aitaje ngano waziwazi, ama ndani ya orodha ya viambato ama katika mstari unaoanza na neno "Contains". Kama wanga au dekstrini imetokana na ngano, utaona ngano imetajwa. Lakini sheria hiyo haigusi shayiri wala rai, na hapo ndipo wazazi wengi wapya katika jambo hili wanapojikwaa. Mzazi hutupa jicho kwenye mstari wa "Contains", akaona maziwa na soya, asione ngano, akampa mtoto. Mfano ulio wazi ni chokoleti ya Milky Way inayouzwa Marekani. Haina biskuti ndani yake, na mtu akiiuma haoni chochote kinachofanana na unga, ila ukisoma viambato mpaka mwisho utakuta kimea cha shayiri. Kwa hiyo soma orodha yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ukitafuta "wheat", "barley", "rye" na "malt". Ukikutana na maltodekstrini usishtuke. Nchini humo kwa kawaida hutokana na mahindi, na kama ingetokana na ngano ingepaswa kutajwa.

Maneno "gluten-free" yenyewe yana nguvu ya kisheria. Kanuni ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliyotolewa mwaka 2013 na ambayo watengenezaji walitakiwa kuitii kuanzia Agosti 2014, inataka chakula kinachobeba maneno hayo kiwe na glutini chini ya sehemu 20 katika milioni, yaani chini ya miligramu 20 katika kilo nzima. Mwanao akila gramu 50 za peremende za namna hiyo, hawezi kupata zaidi ya miligramu moja. Alama ya uthibitisho ya GFCO, shirika linalothibitisha bidhaa zisizo na glutini, ina masharti makali zaidi, kwani kikomo chake ni sehemu 10 katika milioni. Tatizo ni kwamba kuandika maneno hayo ni hiari, na kampuni kadhaa kubwa hutengeneza peremende zisizo na kiambato chochote cha glutini bila kuyaandika. Vilevile maonyo ya kwamba bidhaa "huenda ina" ngano ni hiari. Kukosekana kwa onyo hakuthibitishi usafi wa mashine, na ndiyo maana, katika miezi hii ya mwanzo ambapo utumbo wa mwanao bado unapona, mimi ningechagua zaidi zile zilizoandikwa wazi.

Nikitaja majina sasa, kumbuka nilichosema kuhusu mfuko ulio mkononi. Kit Kat na Twix zina ngano, na hizo mtu huzitambua mara moja kwa biskuti iliyomo. Twizzlers, ambazo wengi hudhani ni sukari na rangi tu, hutengenezwa kwa unga wa ngano. Whoppers zimejengwa juu ya kimea. M&M's za kawaida na zile za karanga hazina kiambato cha glutini, lakini zile zenye preteli ndani zina ngano. Kwa upande wa pili, Smarties zinazotengenezwa Marekani, pipi za kijiti za Dum Dums, Tootsie Roll na bidhaa za YumEarth watengenezaji wake huzitangaza kuwa hazina glutini, na Skittles na Starburst za kawaida hazina kiambato chake. Hizo peke yake zinatosha kumjazia mtoto bakuli.

Kuna mitego miwili inayonitia wasiwasi kuliko mingine yote. Wa kwanza ni maumbo ya msimu. Vikombe vya Reese's vya umbo la kawaida, kampuni ya Hershey huvihesabu kuwa havina glutini, lakini kwa miaka mingi imekuwa ikiyaacha nje maumbo ya sikukuu, yakiwemo maboga ya Halloween. Ladha ni ileile na rangi ya karatasi ni ileile ya chungwa, ila dhamana ya kampuni si ileile. Wa pili ni mipaka ya nchi: Smarties za Nestlé zinazouzwa Kanada na Uingereza ni chokoleti zenye unga wa ngano, na hazina uhusiano wowote na vile vidonge vya sukari vya Marekani zaidi ya kushiriki jina. Ndugu wa Toronto akiwatumia watoto zawadi, msome alichotuma kana kwamba hamjawahi kukiona.

Ugumu wa usiku wenyewe uko kwenye vile vipande vidogo vinavyogawiwa milangoni. Kishike kimoja ukigeuze upande wa nyuma. Utaona jina, pengine uzito, na maandishi madogo yanayosema kwamba kipande hicho hakikukusudiwa kuuzwa peke yake. Viambato vimebaki kwenye mfuko mkubwa, na mfuko mkubwa umebaki jikoni kwa jirani. Kwa hiyo nenda dukani katikati ya Oktoba, pita kwenye rafu za Halloween, upige picha za migongo ya mifuko mikubwa yenye mchanganyiko, ile ambayo majirani watainunua. Saa moja ya kazi hiyo itakuokoa usiku ule, watoto wawili wakiwa wamesimama mezani wanakungoja huku mmoja ana hamu na mwingine ana usingizi.

Unapopiga picha hizo, nunua pia akiba ya peremende unazoziamini, kwa kuwa ndizo utakazobadilishana na mwanao. Kabla ya kutoka, mpe chakula cha jioni ashibe, na mkubaliane kwamba hakuna kinacholiwa njiani, si yeye wala dada yake. Sharti likiwahusu wote wawili halitamwonea mmoja. Mkirudi, mwageni mifuko yote miwili mezani. Kitu chochote kilichookwa nyumbani, kilichofunguka au kisicho na karatasi ya kiwandani kiondoeni kwanza, kisha mnawe mikono, maana chembe za biskuti hushika vidoleni. Halafu chambueni kwa kulinganisha na picha zako. Kilicho salama ni chake. Kilicho na glutini, na kila kipande ambacho hamkuweza kukithibitisha, anakibadilisha kwa kingine kutoka kwenye akiba, kipande kwa kipande, yeye mwenyewe akichagua. Nasisitiza hapo pa kuchagua mwenyewe, kwa sababu ukimnyang'anya kumi na kumpa kumi ulizozipanga wewe, hesabu itakuwa sawa lakini moyo wake hautakuwa sawa. Mwache ashike pakiti, asome polepole "w-h-e-a-t", akuambie hii haimfai. Miaka saba inatosha kuanza kujifunza hilo, na siku atakapokuwa kwa rafiki yake bila wewe, kusoma huko ndiko kutakakomlinda.

Vilivyobaki mpe dada yake sehemu yake avile kwenye chombo chake, na ziada ipelekwe kazini. Baadhi ya madaktari wa meno nchini humo hata huzikusanya au kuzinunua peremende baada ya Halloween.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia. Ndugu wa damu wa mwenye siliaki, yaani wazazi, kaka na dada, wana uwezekano wa takriban mmoja kati ya 10 wa kuwa na ugonjwa huohuo, na mara nyingine hawaonyeshi dalili. Mwulize daktari kuhusu kumpima binti yako, nanyi pia mpimwe, na msimwondolee glutini kabla ya kipimo, kwa kuwa kingamwili zinazotafutwa kwenye damu hupungua mtu anapoacha kula ngano na jibu linaweza kuwapotosha.

Sherehe ya darasani

Ndugu Mhariri, binti yangu yuko darasa la pili na ana siliaki. Mwalimu ametangaza sherehe ya Halloween, na kila mzazi ataleta kitu cha kula. Mzazi mmoja amenihakikishia kwa wema kabisa kwamba atanunua vitu visivyo na ngano. Je, hiyo inatosha? Sipendi binti yangu aonekane msumbufu.
— Baba, Minneapolis, Minnesota

Ndugu yangu, mshukuru mzazi huyo, kisha umweleze kwamba haitoshi. Kitu kisicho na ngano kinaweza kuwa na shayiri au rai, na maneno "wheat-free" hayabebi ahadi ile ya FDA. Ni rahisi zaidi kumwomba alete peremende za kiwandani zilizoandikwa "gluten-free", zikiwa kwenye mifuko ambayo haijafunguliwa, na umtumie picha ya mfuko mmoja au miwili ili asihangaike. Watu wengi wanataka kusaidia, ila hawajui washike wapi. Keki na biskuti za kuoka nyumbani, hata zilizookwa kwa unga maalumu, mwambie asijisumbue nazo; sufuria, kijiko cha mbao na chujio la unga vya jikoni kwake vina historia ambayo hakuna lebo inayoieleza.

Zungumza pia na mwalimu kabla ya siku hiyo. Mwombe akubali uweke darasani kisanduku chenye jina la binti yako, kilichojaa vitu anavyovipenda, ili siku yoyote ya sherehe au ya kuzaliwa kwa mwenzake asibaki na mikono mitupu. Mwulize kuhusu michezo ya mikono itakayofanyika, kwa sababu udongo laini wa kuchezea wa Play-Doh una ngano. Kuugusa peke yake hakuleti madhara ya siliaki, lakini mtoto anayeufinyanga kisha akala pipi bila kunawa anajilisha glutini kwa vidole vyake. Sabuni na maji ndiyo dawa. Vitakasa mikono vya jeli havitoi unga mkononi.

Kuhusu usumbufu, niruhusu niseme kwa uthabiti. Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji ya mwaka 1973 huzitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuweka utaratibu kwa mwanafunzi ambaye hali yake ya kiafya inahesabiwa kuwa ulemavu chini ya sheria hiyo, na watoto wengi wenye siliaki wamepata mpango wa maandishi kwa njia hiyo. Mpango unaweza kueleza kwamba mzazi ataarifiwa mapema kuhusu kila sherehe yenye chakula, kwamba binti yako ataruhusiwa kwenda msalani wakati wowote bila kuulizwa maswali, na kwamba meza itafutwa kabla hajakaa kula. Omba kikao na shule. Mpango ukiwa kwenye maandishi, mwalimu mpya wa mwaka ujao hatahitaji kuombwa fadhila, na binti yako hatahitaji kujieleza kila Oktoba.

Boga lililopakwa rangi

Mhariri wetu, mimi ni bibi, ninaishi na mwanangu hapa Dallas, na kila mwaka watoto wengi hupita mlangoni kwetu. Nimeona nyumba moja imeweka boga lenye rangi iliyo kati ya kijani na buluu, nikaambiwa ni kwa ajili ya watoto wenye matatizo ya chakula. Je, hilo lina maana gani, nami nigawe nini ili nisimdhuru mtoto wa mtu?
— Bibi, Dallas, Texas

Shikamoo, Bibi. Ulichokiona ni ishara ya kampeni iliyoanzia mashariki ya Tennessee, katika kikundi cha familia zenye watoto wenye mizio ya chakula, na ambayo FARE, shirika linaloshughulikia mizio ya chakula, liliieneza nchi nzima kuanzia mwaka 2014. Boga lenye rangi hiyo likiwekwa barazani humwambia mzazi anayepita kwamba katika nyumba hiyo kuna zawadi zisizoliwa. Ilianzishwa kwa ajili ya mizio, lakini mtoto mwenye siliaki, au mwenye kisukari, au mdogo asiyeweza kutafuna, hunufaika vilevile, na hahitaji kueleza chochote mlangoni.

Huna haja ya kuacha kugawa peremende, Bibi. Weka bakuli mbili zilizotengana, moja ya peremende na nyingine ya vitu vidogo: penseli, stika, vifutio, bangili, chupa ndogo za mapovu ya kupuliza, vijiti vinavyong'aa gizani. Hivyo vya mwisho watoto huvigombea hata wasio na tatizo lolote, kwa kuwa vinawafaa usiku uleule. Mwache kila mtoto achague mwenyewe, asiulizwe kwa nini. Ule udongo laini wa kuchezea niliomweleza baba wa Minneapolis usiuweke, kwa sababu una ngano na mtoto mdogo huenda akautia mdomoni. Na usichanganye vitu vya bakuli hizo mbili hata zikikaribia kwisha, maana karatasi ya chokoleti ikipasuka, chembe zake huangukia vilivyo chini yake.

Ukipenda kuzidisha wema, tunza mfuko mkubwa wa peremende ulizonunua, uukunje na kuuweka karibu na mlango. Mzazi akiuliza kuna nini ndani, unamwonyesha viambato papo hapo, naye huenda akawa hajapata jibu kama hilo katika mtaa mzima.

Akila kwa bahati mbaya

Ndugu Mhariri, mwaka jana mwanangu mwenye siliaki alikula kipande cha chokoleti yenye biskuti kabla sijamwahi. Nilichanganyikiwa, sikujua kama nimkimbize hospitali au nimtapishe. Ikitokea tena nifanye nini?
— Mzazi, Portland, Maine

Ndugu msomaji, usimtapishe. Siliaki si mzio wa ghafla unaoziba pumzi, na kipande kimoja hakihitaji sindano ya dharura. Mtoto mmoja ataumwa tumbo, atatapika au kuharisha ndani ya saa chache. Mwingine atakuwa mchovu na mwenye hasira kesho yake. Mwingine hataonyesha lolote. Huyo wa mwisho asikudanganye ukadhani kwamba anaivumilia glutini, kwa kuwa utumbo unaweza kuumia kimyakimya. Mpe maji ya kutosha, chakula chepesi anachokizoea, na apumzike. Akitapika mfululizo kiasi cha kutobakiza maji tumboni, au akiwa mlegevu na hapati mkojo kama kawaida, mpigie daktari wake bila kungoja asubuhi.

Hali ni tofauti kabisa ikiwa mtoto ana mzio wa ngano, ambao ni ugonjwa mwingine, au ikiwa peremende hiyo ilikuwa na karanga na yeye ana mzio wa karanga. Ukiona midomo au uso unavimba, vipele vinatapakaa mwilini au anapumua kwa shida, mpe dawa ya dharura aliyoandikiwa kama anayo, na upige 911 mara moja.

Usimgombeze. Mtoto anayegombezwa kwa kosa la namna hii hujifunza kuficha, nawe unahitaji akwambie kila mara. Mwulize kwa utulivu alikula nini na kiasi gani, uweke karatasi ya peremende hiyo, na uandike tarehe na dalili ulizoziona. Karatasi hiyo na maandishi hayo yapeleke kwenye miadi yake ijayo, kwa sababu daktari anayefuatilia kingamwili katika damu ya mwanao atataka kujua, iwapo kiwango hakijashuka kama alivyotarajia, kama chanzo ni kipande kimoja cha Oktoba au ni kitu ambacho mtoto anakila kila wiki bila ninyi kukitambua.